Korongo taji wa Rwanda: kati ya kufuga na kufunga

Miaka kumi na kidogo iliyopita, mgeni aliyeingia katika bustani ya hoteli au ya nyumba ya mtu mwenye uwezo mjini Kigali hakushangaa kumkuta korongo taji akitembea polepole juu ya majani, taji lake la dhahabu likimeremeta na mabawa yake yamekatwa. Leo ndege hao wametoweka katika bustani hizo. Rwanda imewatoa majumbani mmoja baada ya mwingine, na imefanya hivyo kwa kutumia msamaha zaidi kuliko pingu.

Habari hii inatuhusu kwa karibu sisi wa upande huu wa mpaka. Ndege anayezungumzwa ndiye tuliyemweka katikati ya bendera tangu Oktoba 9, 1962, na ndiye anayeipa jina timu yetu ya taifa ya kandanda. Hata hivyo, makinda wake wangali wanaokotwa katika mabwawa yetu na kuishia katika nyua za watu. Uchambuzi huu unatazama yale ambayo Rwanda imeyafanya, kwa nini yalifaulu, yapi hayajakamilika, na kama njia hiyo inaweza kuwafaa majirani, hasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayohangaika na kasuku wake wa kijivu, pamoja na Uganda yenyewe.

Ndege mwenye taji na majina mengi

Kinyarwanda kinamwita umusambi. Waganda humwita ng'aali, na miongoni mwa koo za Buganda umo ukoo ambao mwiko wake ni ndege huyo. Kwa Kiswahili ni korongo taji. Husimama kwa urefu wa takriban mita moja, na uzito wake ni kama kilo tatu na nusu. Hutafuta chakula chake katika mabwawa, malisho na mashamba: mbegu, majani machanga, panzi, minyoo na vyura. Ana mtindo wa kukanyagakanyaga ardhi ili wadudu washtuke na kujitokeza. Tofauti na korongo wa mabara mengine, yeye na ndugu yake mweusi wa Afrika Magharibi wana kidole kirefu cha nyuma kinachowawezesha kulala juu ya miti.

Dume na jike wakishaungana hudumu pamoja mwaka hadi mwaka. Hujenga kiota chao ndani ya majani marefu ya bwawa, na jike hutaga mayai mawili hadi manne, ambayo wote wawili huyaatamia kwa karibu mwezi mmoja. Makinda huanza kutembea muda mfupi tu baada ya kuanguliwa, lakini hukaa wiki nyingi kabla ya kuweza kuruka. Wiki hizo ndizo za hatari. Mtoto anayechunga mbuzi kando ya bwawa anaweza kumkimbiza kinda na kumkamata kwa mikono mitupu.

Mwaka 2012, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, ulimpandisha korongo taji hadi daraja la ndege walio hatarini kutoweka. Sababu kuu mbili zinajulikana vyema katika ukanda huu. Ya kwanza ni kukaushwa kwa mabwawa ili kupata mashamba. Ya pili ni kukamatwa kwa ndege hai na kuokotwa kwa mayai na makinda yake, ama kwa ajili ya bustani za watu wa hapa hapa, ama kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo.

Herufi moja tu

Anayetafsiri habari za uhifadhi kila siku hukutana na tatizo dogo la lugha ambalo ndani yake mna tatizo kubwa. Kiswahili kina neno moja, kufuga, linalotumika kwa ng'ombe, kuku, njiwa na kasuku. Lakini ng'ombe na kuku huzaliana chini ya mikono ya mfugaji. Kundi hukua, na mfugaji humlisha mnyama naye mnyama humlisha mfugaji. Korongo taji aliyechukuliwa bwawani na kutiwa uani ni nadra sana kuzaa. Hana mwenzi wa kumchagua, hana kiota, na mara nyingi hana bawa zima. Kila kinda anayeingia uani ni pengo lisilozibika katika bwawa. Kinachofanyika hapo kimeongezewa herufi moja: si kufuga tena, ni kufunga.

Hata hivyo, wanaowaweka ndege hao majumbani si watu wakatili. Nchini Rwanda umusambi ni ishara ya utajiri na maisha marefu, na mwendo wake wa madaha huonekana katika miondoko ya ngoma za jadi, mikono ikiwa imetandazwa kama mabawa. Aliyekuwa na korongo bustanini alidhani anauheshimu utamaduni wake na kuipendezesha nyumba yake. Wengi walimpenda ndege wao kwa dhati, wakamwita jina na kumpa chakula kutoka jikoni.

Na hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Mapenzi hayakumzuia ndege kudhoofika. Wali na mabaki ya mezani havina protini ya panzi na minyoo. Sakafu ya saruji huumiza miguu iliyoumbwa kwa ajili ya matope. Ndege anayeishi kwa makundi hukaa peke yake, akipiga kelele kwa wenzake wasiomsikia. Na ili asiondoke, ilibidi akatwe bawa, kazi ambayo mara nyingi ilifanywa kwa mkasi au kisu cha nyumbani, bila daktari.

Mwaka 2014: mlango unafunguliwa

Mabadiliko yalianza mwaka 2014. Daktari wa wanyama wa Rwanda, Olivier Nsengimana, ambaye hapo awali alikuwa akiwatibu sokwe wa milimani, alianzisha mradi wa kuwaokoa korongo waliokuwa wakishikiliwa majumbani. Mwaka huohuo alipata tuzo ya Rolex inayotolewa kwa wabunifu vijana. Baadaye kazi hiyo ilikuja kuendeshwa na shirika aliloliasisi, Rwanda Wildlife Conservation Association, kwa kushirikiana na mamlaka za serikali.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi kuuliza na gumu kujibu: ndege hao wako wapi, na ni wangapi? Hakukuwa na daftari lolote. Kuwashika ndege wa porini na kuwaweka nyumbani lilikuwa kosa kisheria, kwa hiyo aliyekuwa naye hakuwa na sababu ya kujitangaza. Endapo askari wangetumwa nyumba hadi nyumba, ndege wengi wangefichwa, wangeuzwa haraka, au wangechinjwa ili kufuta ushahidi.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa msamaha. Watu waliombwa, kupitia redio na namba ya simu, wajitokeze na kusema wana korongo, nao wakaahidiwa kwamba hawatashtakiwa. Aliyepiga simu alitembelewa na madaktari wa wanyama. Ndege alipimwa afya, akaandikishwa na kuvishwa pete yenye alama mguuni. Pete hiyo ilikuwa na kazi mbili. Ilimtambulisha ndege, na pia ilimtenga na wale ambao wangeweza kuchukuliwa bwawani baada ya kampeni kuanza. Korongo mwenye pete alikuwa ameungamwa; asiye na pete alihitaji kutolewa maelezo.

Wakati huohuo shuleni vilisambazwa vitabu vya hadithi za picha kuhusu umusambi, na vijijini karibu na mabwawa walichaguliwa watu wa hapo hapo kuwa walinzi na wahamasishaji. Kwa njia hiyo ujumbe haukuwafikia wenye hoteli peke yao. Ulifika pia katika mwanzo wa mnyororo, kwa yule kijana wa kando ya bwawa ambaye kwake kinda mmoja alikuwa fedha ya daftari na sabuni.

Katika miaka iliyofuata, zaidi ya korongo 200 walitolewa majumbani na mahotelini. Kwa nchi ndogo ambayo korongo wake wa porini walikuwa wakihesabiwa kwa mamia tu, idadi hiyo inaonyesha ni sehemu kubwa kiasi gani ya ndege wa taifa iliyokuwa imefungiwa bustanini.

Unyoya na mfupa

Jambo ambalo habari fupi za redio hupita juu yake ni lile lililofuata baada ya ndege kukabidhiwa. Hapa ndipo kampeni nyingi za kuokoa wanyama hukwama duniani. Kumchukua ndege ni kazi ya siku moja; kumrudisha porini ni kazi ya miezi, na pengine haiwezekani kabisa.

Kila kitu hutegemea namna bawa lilivyokatwa. Yaliyokatwa yakiwa ni manyoya peke yake, kuna matumaini. Manyoya huota upya ndege anapofika wakati wa kunyonyoka yale ya zamani, kama vile ukucha unavyoota. Lakini ikiwa aliyekata alikata ncha ya bawa pamoja na mfupa, au kano inayolikunjua bawa, ndege huyo hataruka tena maishani mwake. Mwenye nyumba aliyefanya kazi hiyo kwa dakika tano uani alikuwa ametoa hukumu isiyo na rufaa.

Rwanda ililazimika kuandaa makao mawili. Ndege wazima walitengwa kwanza mjini Kigali ili wachunguzwe magonjwa, kisha wakapelekwa Hifadhi ya Taifa ya Akagera, mashariki mwa nchi, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko waliwekwa katika eneo maalumu, wakajifunza tena kutafuta chakula, na manyoya yao yakapewa muda wa kuota. Hawakutupwa angani mbele ya kamera. Kila mmoja aliondoka siku ile mabawa yake yalipomwambia aondoke.

Kwa wale waliovunjwa mabawa, lilijengwa eneo linaloitwa Umusambi Village, pembezoni mwa Kigali. Hekta 21 za bwawa lililokuwa limeharibika zilifufuliwa, na ndani yake wanaishi korongo zaidi ya 50 wenye ulemavu. Hawawezi kuruka, lakini wanatembea kwenye matope halisi, wanakula wadudu halisi, na wana wenzao. Watoto wa shule huenda kuwatazama. Mtoto anayemuona korongo asiyeweza kuruka, akaelezwa sababu, hahitaji hotuba ndefu kuhusu madhara ya kumtia ndege uani.

Hesabu inasema nini

Tangu mwaka 2017 Rwanda imekuwa ikiwahesabu korongo wake wa porini, kwa watu walio ardhini na kwa ndege ndogo inayopita juu ya mabwawa. Hesabu ya kwanza iliwakuta chini kidogo ya 500. Miaka michache baadaye idadi ilikuwa imevuka 1,000.

Takwimu hizi zinafurahisha, lakini zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ongezeko hilo haliwezi kuwa limetokana na ndege waliotolewa majumbani peke yao, kwa kuwa hao ni wachache kuliko tofauti inayoonekana, na baadhi yao ni walemavu wasiozaa porini. Wahesabuji nao huwa mahiri zaidi kadiri miaka inavyopita, na wanajua bwawa gani la kutazamwa. Maelezo yenye mantiki zaidi ni kwamba thamani kubwa ya kampeni ilikuwa ni kufunga mlango: makinda waliokuwa wakiokotwa kila msimu sasa wanaachwa wakue.

Upande wa pili wa mizani ni bwawa lenyewe. Kaskazini mwa Rwanda, si mbali na mpaka wetu, liko bwawa la Rugezi, mojawapo ya ngome kuu za korongo taji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, sehemu za bwawa hilo zilikaushwa kwa ajili ya kilimo. Maji yaliyokuwa yakilisha Ziwa Burera yakapungua, na kituo cha umeme cha Ntaruka kikazalisha umeme kidogo mno. Rwanda iliingia katika uhaba mkubwa wa umeme, ikawabidi viongozi wazuie kilimo ndani ya bwawa. Mwaka 2005 Rugezi iliingizwa katika orodha ya ardhioevu zinazolindwa chini ya mkataba wa Ramsar. Walinzi wa kijamii wanaolitembelea leo wanawalinda korongo, na kwa kufanya hivyo wanalinda pia taa za mjini.

Lakini wakulima walioondolewa mabwawani nao wana haja zao. Rwanda ni nchi yenye watu wengi kwenye ardhi ndogo, na kila hekta ya bwawa ni hekta ambayo mtu angeweza kupanda viazi. Msamaha uliwamaliza korongo wa bustanini. Haukumaliza mvutano kati ya jembe na kiota. Anayedai kwamba Rwanda imekwisha kumuokoa korongo anatangulia mbele ya ukweli.

Je, msamaha si udhaifu?

Wapo wanaouliza kama kumsamehe aliyevunja sheria si kuwafundisha wengine kuivunja. Ni swali la haki. Mifano ya Rwanda inatoa majibu mawili.

Kwanza, msamaha uliandamana na uandikishaji. Mtu alisamehewa kwa ndege aliyekwisha kuwa naye, akajulikana, na nyumba yake ikaingia katika daftari. Hakusamehewa kwa ndege wa kesho. Pili, mradi ulikuwa wa kupokea ndege, haukuwa wa kuwanunua. Jambo hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Serikali au shirika likianza kulipa fedha kwa kila ndege anayeletwa, limefungua soko jipya, na siku ya pili makinda wataokotwa bwawani ili wapelekwe kwa mwokoaji.

Kuna pia jibu la tatu ambalo halimo katika maandishi yoyote ya kisheria. Mtu aliyemkabidhi korongo wake kwa hiari huenda akawa mtetezi wa korongo mbele ya jirani zake. Yule aliyenyang'anywa kwa nguvu ni nadra kufika huko.

Kongo: marufuku na mahali pa kuwapeleka

Tukivuka Ziwa Kivu kuelekea magharibi tunakutana na sura ngumu zaidi ya tatizo hilohilo. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo ana kipawa ambacho kimekuwa laana yake: huiga sauti ya binadamu. Yule mashuhuri kuliko wote, Alex, aliyefundishwa nchini Marekani na mtafiti Irene Pepperberg kwa miaka 30 hadi alipokufa mwaka 2007, aliweza kutaja rangi, maumbo na idadi ya vitu. Sifa kama hizo huongeza bei. Tangu mwaka 1975, kasuku wa aina hiyo zaidi ya milioni moja waliotolewa porini wamesafirishwa kihalali katika biashara ya kimataifa, bila kuwahesabu waliokufa katika gundi ya wategaji, ndani ya masanduku na njiani.

Kwa miaka mingi Kongo ilikuwa na ruhusa ya kuuza nje kasuku 5,000 kwa mwaka. Oktoba 2016, mkutano wa Johannesburg wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliamua kumpa kasuku wa kijivu ulinzi wa daraja la juu, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Mwaka 2025 serikali ya Kongo nayo ilipiga marufuku kuwakamata na kuwauza nchini kote.

Marufuku ni hatua ya lazima, lakini somo la Kigali ni kwamba swali linalofuata ni hili: ndege atakayekamatwa kesho atapelekwa wapi? Mashariki mwa Kongo, mojawapo ya mahali pachache penye jibu ni kituo cha Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kilichoanzishwa kwa ajili ya sokwe na nyani yatima na ambacho kimekuwa kikiwapokea kasuku kwa mamia. Februari 2025 vita viliufikia mji wa Bukavu wenyewe. Kituo kinachotegemea chakula cha kila siku, dawa na barabara iliyo wazi hakiwezi kusubiri amani kama jengo la ofisi linavyosubiri.

Kuna tofauti nyingine ambayo haifai kufichwa. Korongo wa Rwanda alikuwa hasa pambo la nyumba za Wanyarwanda wenyewe, kwa hiyo kampeni ya redio ya Kinyarwanda iliweza kumfikia aliyekuwa naye. Mwenye kasuku wa Kongo anaweza kuwa katika ghorofa maelfu ya kilomita kutoka msituni, asiyeielewa lugha ya mtegaji wala kulijua jina la msitu. Msamaha wa Kinshasa haumfiki. Anayeweza kumfikia ni serikali ya nchi anamoishi, na dhamiri yake.

Uganda: sheria kali, mlango mwembamba

Tunarudi nyumbani. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ni miongoni mwa sheria kali kabisa katika ukanda huu. Makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka yanaweza kumfikisha mtu katika kifungo cha maisha. Hilo si tishio la karatasini. Oktoba 2022 mahakama mjini Kampala ilitoa adhabu hiyo kwa mtu aliyekutwa na pembe za ndovu.

Kwa mfanyabiashara wa pembe, ukali huo una sababu. Lakini fikiria mzee wa kijijini kusini magharibi ambaye mjukuu wake alimletea kinda wa korongo miaka mitano iliyopita. Ndege amekua, anawafuata kuku, na watoto wamempa jina. Siku moja mzee anasikia redioni kwamba kumshikilia ni kosa kubwa. Ana njia tatu: kumficha, kumpa mtu mwingine mbali, au kumfikisha kwenye vyombo vya serikali. Kadiri adhabu anayoisikia inavyokuwa kubwa, ndivyo njia ya tatu inavyozidi kuwa nyembamba.

Uganda haianzi mikono mitupu. Kipo kituo cha Entebbe chenye uzoefu wa miaka mingi wa kuwapokea wanyama waliookolewa, kipo kisiwa cha Ngamba ambako kasuku wa kijivu waliookolewa kutoka biashara haramu waliwahi kuachiwa huru, na zipo taasisi za wapenda ndege zinazofanya kazi na jamii za kando ya mabwawa. Kinachokosekana ni mlango wa msamaha ambao mwananchi wa kawaida anaufahamu: muda uliotangazwa, namba moja ya simu, lugha anayoielewa, na ahadi ambayo ofisa wa wilaya anaijua na anaiheshimu. Redio ya taifa, kwa lugha zake zote, Kiswahili kikiwemo, inaweza kuifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko kesi moja mahakamani.

Kwa aliye na ndege nyumbani leo

Wasikilizaji wengi huuliza jambo la karibu zaidi kuliko sera: nifanye nini na ndege niliye naye? Asiachiwe ghafla uani au porini. Ndege aliyezoea kulishwa hufa kwa njaa au kwa mbwa, na anaweza kuwapelekea wa porini magonjwa ya kuku. Asiuzwe wala asipewe mtu mwingine, kwa kuwa hapo mnyororo unaendelea. Na bawa lisikatwe tena kwa sababu yoyote. Hatua sahihi ni kuwasiliana na Mamlaka ya Wanyamapori au kituo cha Entebbe, na kuomba maelekezo.

Wakati wa kusubiri, korongo anahitaji ardhi laini, maji safi, kivuli, usalama dhidi ya mbwa, na chakula chenye wadudu na nafaka, si mabaki yenye chumvi. Kasuku anayelishwa mbegu za alizeti peke yake hupungukiwa kalsiamu na vitamini A, na kasuku wa kijivu ndiye anayeumia haraka kwa upungufu huo, hata akatetemeka na kuanguka. Apewe mboga za majani, karoti, boga na matunda, na apate jua la asubuhi. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake, na moshi wa jikoni humdhuru upesi kuliko unavyomdhuru binadamu. Anayejinyofoa manyoya mara nyingi anasumbuliwa na maradhi au upweke, kwa hiyo apelekwe kwa daktari wa wanyama. Nawe nawa mikono baada ya kusafisha kizimba, maana yapo maradhi ya kasuku yanayowapata watu.

Mtu anayemtunza ndege hivyo amefanya jema, lakini utunzaji mzuri hauhalalishi kumchukua mwingine. Korongo taji anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, na kasuku miaka 40 au zaidi. Anayemchukua kinda leo ameamua pia maisha ya ndege huyo hadi wakati ambapo watoto wake mwenyewe watakuwa wazazi.

Majirani zetu wa Rwanda walihitaji miaka kadhaa kuitoa aibu hiyo bustanini, na wangali na kazi ya mabwawa mbele yao. Walianza kwa kumwambia mwenye ndege: njoo useme, hutafungwa. Katika nchi ambayo korongo anapandishwa mlingotini kila asubuhi, hatuhitaji kusubiri abaki kwenye kitambaa peke yake ndipo tuyatamke maneno hayo.